Mgonjwa wa Geita

Simu iliita saa moja na nusu asubuhi, Zipora akiwa ameinamia cherehani, sare ya shule ya mtoto wa jirani imebakia kola tu. Namba hakuijua. Aliibana simu kwa bega akaendelea kushona, akidhani ni mteja anayeulizia nguo yake.

"Samahani mama, hapo naongea na nani?"

"Wewe ndiye umepiga, baba. Unamtaka nani?"

Mwanaume wa upande wa pili alikohoa kidogo. Akasema anaitwa Donatus, ni afisa ustawi wa jamii, anapigia kutoka hospitalini Geita. Siku ishirini na mbili zilizopita, alisema, bajaji ilimshusha pale mlangoni mwanaume aliyefukiwa na udongo katika duara, lile shimo la wachimbaji wadogo. Waliomleta waliondoka kabla ya kuulizwa jina lake. Yule mtu aliishi siku mbili bila kutamka neno, akafariki. Mfukoni alikutwa na kikaratasi chenye namba ya simu, ila kilikuwa kimelowa na tarakimu ya mwisho haisomeki.

"Nimezipiga zote kumi, mama, kuanzia sifuri mpaka tisa. Tisa zilipokelewa, hakuna aliyemjua. Yako ndiyo ilikuwa haipatikani kila nikipiga."

Kweli haikuwa ikipatikana. Ilikaa kwa fundi karibu mwezi mzima, na Zipora alikuwa ameichukua jana jioni.

"Huyo mtu yukoje?" aliuliza. Mguu wake ulikuwa umeshaacha kukanyaga cherehani.

"Mrefu, mtu wa makamo. Ana kovu la siku nyingi chini ya goti la kulia. Limepinda."

Zipora alilijua kovu hilo. Pantaleo, mumewe, alilipata utotoni kwao, plau ilipomkata akiwa analima na ng'ombe wa baba yake. Mara ngapi alikuwa amelipitishia kidole! Pantaleo aliondoka Shinyanga miaka minne iliyopita kwenda kuchimba dhahabu, kwanza Masumbwe, kisha akasogea Geita. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Jumapili ya mwisho alisema atakuja siku Nelly, binti yao, atakapopata kipaimara. Zipora, aliyekwisha kuchoshwa na ahadi za namna hiyo, alimjibu, "Usituahidi, Pantaleo. Kaa huko huko," akakata simu. Baada ya hapo simu ikaharibika, naye katika wiki zote hizo za ukimya alikuwa akijiambia kwamba mume amenuna.

"Makovu yanafanana," alimwambia Donatus.

"Yanafanana, mama. Ndiyo maana nataka uje uone. Ila leo saa nane mchana tunazika watu wanne waliokosa ndugu. Kibali kimetoka, makaburi yamechimbwa. Siwezi kuzuia. Na ukija, njoo na ndugu yake wa damu, ndiye atakayesaini."

Mabasi ya Geita yalikuwa yameondoka alfajiri. Zipora alitoka mbio hadi kwa jirani yake Agnetha, ambaye mwaka jana alikodi gari kwa harusi ya mwanawe, akapewa namba mbili za madereva. Huyo wa kwanza, Zipora alimwambia ukweli wote. Yule dereva alimsikiliza mpaka neno maiti, akasema gari lake liko gereji, akakata. Wa pili aliitwa Thobias.

"Namfuata mgonjwa Geita," Zipora alimwambia. "Kwenda na kurudi leo leo. Lakini tupitie Kagongwa kumchukua shemeji yangu."

"Mgonjwa anaweza kukaa?"

Zipora alifumba macho. "Atalala."

"Basi tutamlaza kiti cha nyuma, mama. Usiwe na wasiwasi."

Bei aliyoitaja ilimeza ada ya Nelly ya muhula mzima. Zipora hakubishana hata kwa shilingi moja.

Saa mbili na robo Harrier nyeupe ilisimama mbele ya nyumba. Thobias alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati limenyooshwa mpaka mikunjo ya mikono inasimama. Alishuka, akasema, "Shikamoo mama," akamfungulia mlango wa nyuma kama anavyowafungulia mabosi anaowapeleka mikutanoni. Viti vilikuwa na vitambaa vyeupe, na katikati kulikuwa na chupa mbili za maji baridi. Zipora aliingia na kanga aliyoikunja chini ya kwapa. Ilikuwa kanga mpya kabisa. Aliichukua kwa ajili ya kumfunika mtu, na tangu alipoitoa sandukuni hakuthubutu kuitazama.

Walipoiacha Tinde nyuma, Thobias aliweka nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Alisimulia habari za gari. Halikuwa lake, alisema. Mwenye gari ni mama mmoja wa mjini, amefunga kifaa kinachomwonyesha kwenye simu gari liko wapi na linakimbia kiasi gani. Ndiyo kwanza ana miezi mitano kwenye kazi hii. Mkewe amejifungua juzi juzi. Zipora aliitikia, "Ehe, ehe," macho yakiwa kwenye saa ya pale mbele ya usukani.

"Huyo mgonjwa ni nani wako, mama?"

"Mume wangu."

"Mungu atamponya."

Zipora alitazama nje, mashamba ya mpunga yaliyokauka yakipita, na hakuitikia amina.

Walifika Kagongwa saa nne kasoro. Magesa, kaka mkubwa wa Pantaleo, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga nyuma ya soko. Walimkuta amesimama katikati ya vumbi la pumba, nyusi zimekuwa nyeupe. Tangu Pantaleo aondoke, Magesa hakuwa amekanyaga nyumba ya Zipora. Aliamini kwamba ni maneno ya mke yaliyomtoa mdogo wake nyumbani.

"Shikamoo shemeji," Zipora alisema, akipiga goti kidogo.

"Marahaba." Hakuzima mashine.

Zipora alimsogelea mpaka sikioni, akamweleza akipigana na ule mngurumo: hospitali, kikaratasi, kovu, saa nane. Magesa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha alizima mashine, na ukimya ulioanguka ulikuwa mkubwa hata wapakia magunia wakageuka.

"Si yeye," alisema. "Mdogo wangu hawezi kufa wiki tatu mimi nisijue."

"Na mimi nasema si yeye. Twende tukaone kwamba si yeye."

"Ulimfukuza, leo umekuja na gari la kifahari kunichukua nikamtafute. Ulimwambia nini mara ya mwisho?"

Hapo Zipora angeweza kudanganya, maana asubuhi hiyo alikwisha kuanza. Lakini nguvu za kudanganya zilikuwa zimemwishia zote kwa dereva. "Nilimwambia akae huko huko," alisema. "Ndivyo nilivyomwambia, shemeji. Nipige ukitaka, nitukane, lakini ufanye hivyo ndani ya gari. Saa nane wanamfukia na jina hana!"

Alikuwa amelishika shati la Magesa kwa mikono miwili bila kujua. Magesa aliitazama ile mikono. Halafu aliitoa taratibu, akamkabidhi mpakia mizigo funguo za mashine, akaenda kunawa uso. Alirudi bado ana pumba kwenye masikio, akaingia mbele, pembeni ya dereva.

Kahama waliipita bila kusimama. Thobias alisema barabara ya Kakola ndiyo fupi, ingawa bado inatengenezwa. Kuzunguka kwa Masumbwe na Runzewe ni lami tupu lakini watachelewa. "Fupi," Zipora alisema. Lami iliisha, wakaingia kwenye kifusi chekundu, gari likawa linayumba na vile vitambaa vyeupe vikageuka rangi. Saa sita na dakika ishirini walikuta foleni. Malori, basi dogo, pikipiki, yote yamezimwa. Mbele, msichana aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa alikuwa ameshika bendera nyekundu, na nyuma yake greda ilikuwa ikienda na kurudi bila haraka yoyote.

"Nusu saa," dereva wa lori aliwaambia. "Pengine zaidi."

Zipora alifungua mlango kabla mkono wa Thobias haujafika kwenye kitasa. Alitembea haraka, kisha akakimbia, ndala moja ikamtoka akaiacha. Thobias alimfuata na ile ndala mkononi.

"Binti yangu," Zipora alimwambia mwenye bendera, akihema, "naomba tupite."

"Mama, kila mtu anataka kupita. Subiri greda imalize."

"Mume wangu anazikwa saa nane."

"Pole mama. Si watawasubiri? Wewe ndiye mke."

"Hawanijui! Hawamjui hata yeye. Yuko mochwari siku ishirini kama mzigo uliosahaulika stendi, leo wanamzika na watu wasio na kwao, na mimi ndiye mke, nina kanga yake hapa, nimekuja kumchukua nimpeleke nyumbani!" Sauti ilimkatika. Alikaa chini pale pale kwenye kifusi, akakumbatia miguu yake kama mtoto. "Nikifika kaburi limefukiwa sitajua mpaka nakufa kama alikuwa yeye ama siye."

Msichana alishusha bendera. Alinong'ona kwenye redio ya mkononi, akasikiliza, akanong'ona tena. Greda ilisogea pembeni.

"Gari lenu lipi?"

Zipora alipoinua uso alimwona Thobias amesimama hatua mbili nyuma yake. Alikuwa amesikia yote. Aliweka ile ndala chini mbele ya mguu wake, akageuka kwenda kuwasha gari.

Gari lilikwenda kama kilomita tano kabla Thobias hajafungua mdomo. Alikuwa ameizima kwaya.

"Ungeniambia, mama."

"Niliyemwambia alikata simu."

"Gari si langu. Akijua mwenyewe kwamba limebeba maiti, kesho sina kazi. Na hata wateja..." Hakumaliza. Thobias alishika usukani kwa mikono yote miwili, na Zipora akaona mshale wa mwendo unapanda. Mara simu ya Thobias ikaita kwenye kishikizo chake. Aliitazama. "Ndiye," alisema, "ameona mwendo." Aliiacha iite mpaka ikakoma. Ikaita tena, akaigeuza uso chini.

Geita waliingia saa nane na nusu. Mlinzi wa hospitali aliwaambia gari la mazishi limeondoka zamani. Zipora alimpigia Donatus, akaikosea namba mara mbili.

"Tuko makaburini, mama," Donatus alisema. Nyuma yake zilisikika sauti za majembe. "Tumeshazika wawili."

"Wangu yumo?"

"Sikusikii, mama, mtandao..."

"Wangu yumo kwenye hao wawili?"

Simu ilikatika. Thobias alimuuliza mwendesha bodaboda njia ya makaburini, yule akawaongoza, nao wakamfuata katika vichochoro honi ikilia mfululizo. Zipora alikuwa akirudia jina la mumewe chini kwa chini, kama mtu anayemzuia mwenzake asitoke mlangoni. Mara kwa mara aliingiza na maneno mengine: asiwe yeye, halafu, awe yeye, awe juu ya ardhi bado.

Uwanja ulikuwa wazi, hauna kivuli, na udongo mwekundu ulikuwa umerundikwa pembeni mwa mashimo. Makaburi matatu yalikuwa yameshafukiwa. Sanduku moja la mbao nyepesi lilikuwa bado juu ya mirunda miwili, karibu na shimo la nne. Mwanaume mfupi mwenye miwani alikuja akikimbia kuwapokea.

"Mama Zipora? Mimi Donatus. Nilimwacha wa mwisho. Niliwaambia, huyu ana mtu wake, yuko njiani."

Zipora alimshika mkono akaubusu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote maishani.

Bwana afya aliyesimamia mazishi aliwapa barakoa. Alisema atafunguliwa kidogo tu, na kwamba si jambo zuri kuona. Magesa alimzuia shemejiye kwa mkono, akatangulia. Wafanyakazi wawili waliinua kifuniko upande wa miguu, kisha upande wa kichwa. Magesa aliinama. Alikaa ameinama vile kwa muda ambao Zipora hakuweza kuupima. Alipojiinua, mtu yule mkubwa alikuwa amekunjamana.

"Zipora," alisema. Kwa miaka minne alikuwa hajalitaja jina lake. "Njoo umuage mwenzio."

Usoni hakumtambua mara moja, na kwa pumzi moja tumaini likamrudia. Kisha akatazama miguu. Kidole kidogo cha kushoto kilichopanda juu ya mwenzake. Kovu la plau. Alilipitishia kidole hewani tu, karibu, maana bwana afya alimwomba asiguse.

"Ni yeye," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Halafu ile sauti ya kawaida ikapasuka, na wale wafanyakazi, waliokuwa wameshazika watu watatu mchana ule bila kilio, walivua kofia zao.

Alipopata tena maneno, alisema anamchukua. Alisema gari liko pale. Bwana afya alimweleza kwa upole: mwili umekaa siku nyingi, kusafirisha kunataka kibali kingine, jeneza maalumu na gari lililoandaliwa, leo haiwezekani, na kesho haitakuwa rahisi zaidi. Zipora hakumsikia. Alimgeukia Thobias, akampigia magoti, na kanga mpya ikamdondoka.

"Mwanangu, ulisema atalala kiti cha nyuma. Ulisema mwenyewe."

"Mama, simama. Tafadhali simama." Thobias alikuwa analia waziwazi. Simu iliita tena mfukoni mwake. Aliitoa, akaizima kabisa, akamtazama bwana afya. "Mkiruhusu, nitalaza viti vyote. Kazi nitatafuta nyingine."

Aliyekataa alikuwa Magesa.

"Hapana," alisema. "Kijana, Mungu akubariki, lakini hapana. Mimi ndiye niliyetaka kuliko wote alale kwetu, karibu na baba. Nimemwona. Amesubiri siku ishirini na mbili. Tusimtese kwa barabara ile." Alimwinua shemejiye kwa kumshika mabega. "Tumlaze hapa. Ila tumlaze sisi."

Ndivyo ilivyokuwa. Zipora alimfunika ile kanga kabla kifuniko hakijafungwa. Kamba zilikuwa mbili. Magesa alishika upande mmoja na Donatus mwingine, Thobias na mfanyakazi mmoja wakashika ya pili, wakamshusha. Shati lililonyooshwa likawa jekundu kwa udongo. Magesa alichukua konzi ya udongo, akaongea Kisukuma kwa sauti ya chini, akimwita marehemu baba yao ampokee mtoto ambaye amekuja kwa njia isiyojulikana. Baadaye Thobias aliwaongoza Baba Yetu, na wale wafanyakazi wakaitikia.

Kibao kilikuwa kimekwisha kuandaliwa. Kiliandikwa: MWANAUME, HAJULIKANI. Donatus alikigeuza upande wa nyuma, akampa Zipora kalamu nene ya wino. Aliandika PANTALEO MASALU, akaandika mwaka wa kuzaliwa, akasita kwenye tarehe ya kufa mpaka Donatus akamtajia.

Waliondoka saa kumi na robo. Thobias aliwasha simu yake wakiwa wameshatoka mjini, akasimamisha gari, akaenda kuongea pembeni mwa barabara. Walimwona akitikisa kichwa, akieleza kwa mkono, kisha akinyamaza. Aliporudi alisema tu kwamba kesho anatakiwa kurudisha funguo. Zipora alitaka kusema neno, Thobias akamwambia, "Tusiongee hilo leo, mama."

Karibu na Kakola simu ya Zipora iliita. Ilikuwa namba ya Agnetha, lakini sauti ilikuwa ya Nelly, ametoka shule amekuta mlango umefungwa.

"Mama, uko wapi? Mama Agnetha ananiangalia tu, hataki kusema. Kuna nini?"

Zipora alifungua mdomo. Alikuwa amebembeleza dereva, shemeji, mshika bendera na bwana afya, na kwa wote alipata maneno. Sasa hayakuja. Magesa aligeuka kutoka kiti cha mbele, akaona, akanyoosha mkono. Zipora alimpa simu.

"Nelly. Mimi ni baba yako mkubwa, Magesa wa Kagongwa." Alisogeza simu karibu zaidi na mdomo. "Niko na mama yako. Kaa hapo kwa jirani, ule, usifungue daftari leo. Tunakuja wote. Tukifika tutakaa chini tuongee."

"Baba mkubwa, ni baba?"

Wote ndani ya gari walilisikia swali. Thobias alipunguza mwendo mpaka gari likasimama kabisa kwenye kifusi.

"Ndiyo, mwanangu," Magesa alisema. "Ni baba."

Kilio kilichotoka kwenye ile simu ndogo kililijaza gari. Zipora aliichukua, akaiweka sikioni, na kwa kuwa maneno bado hayakuja, alilia pamoja na mwanawe, huko na huku, mpaka salio la Agnetha likaisha.

Walipofika Kagongwa jua lilikuwa linazama. Zipora alidhani Magesa atashuka pale kwake. Alishuka kweli, akaingia ndani, akatoka na mkewe aliyejifunga kaniki, mikeka miwili na gunia la mchele wa matanga. Zipora aliposhuka kuwapisha, Thobias alifungua nyuma, akalaza kiti kimoja ili mizigo ienee, akampisha yule mama apande. Kisha akamfungulia Zipora mlango, waende wote kwa Nelly.